Gari Litageuzia Wapi: Maisha ya Bibi Toini Tolonen

Mchungaji, ndugu, majirani wa Louhelanperä na nyote mliofika, naitwa Venla, mjukuu wa marehemu kwa mwanawe Martti, na familia imenituma niwasomee maisha ya bibi yetu kwa sababu baba hawezi kuyasoma bila sauti kukatika. Ameniomba nisigeuze kanisa kuwa ukumbi wa mdahalo wa chuo, nami nimemwahidi kwamba nitajitahidi.

Marehemu Toini Kyllikki Tolonen, kwa ukoo wa baba yake Kemppainen, alizaliwa tarehe 3 Machi 1944 hapa hapa Louhelanperä, akiwa mtoto wa nne wa mzee Kalle na mama Hilma, alizaliwa ndani ya sauna kama watoto wote wa wakati ule, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na joto na maji ya moto, na mkunga alichelewa kwa sababu farasi wake alikuwa akizama thelujini hadi tumboni, kwa hiyo tangu siku yake ya kwanza duniani bibi alikuwa akimngoja mtu aliyekwamishwa njiani.

Alianza shule ya msingi ya kijiji mwaka 1951, akiteleza kwa skii juu ya ziwa lililoganda kila asubuhi ya majira ya baridi, akahitimu mwaka 1958, na mwaka 1970 akarudi katika shule ile ile kama mpishi, akawapikia watoto wa kijiji, na wengi wenu mlioketi humu ni watoto hao, supu ya njegere kila Alhamisi bila kukosa, mpaka shule ilipofungwa tarehe 31 Mei 1997 kwa maelezo kwamba wanafunzi hawatoshi. Baada ya shule ikafungwa posta, baada ya posta likafungwa duka, na kila mara tuliambiwa neno hilo hilo, hawatoshi.

Tarehe 25 Juni 1966, sikukuu ya katikati ya kiangazi, alifunga ndoa na marehemu babu yetu Veikko Tolonen, mkata magogo, ambaye alijenga nyumba yao kwa mikono yake mwisho kabisa wa barabara, akaufanya uwanja kuwa mpana kiasi cha lori la magogo kugeuza, kwa sababu hakutaka mgeni yeyote atoke kwake akirudi kinyumenyume. Mungu aliwajalia watoto wawili, baba yangu Martti aliyezaliwa mwaka 1968, na shangazi Anneli aliyezaliwa mwaka 1971, anayeishi Uswidi, na wajukuu watano. Babu alifariki tarehe 12 Novemba 2009, usiku wa mazishi yake theluji ikaanguka, na asubuhi waombolezaji walipoamka walimkuta mjane tayari yuko nje, anausafisha uwanja ili magari yao yapate pa kupita.

Kuanzia hapo bibi alipambana na baridi peke yake, na baridi yetu mnaijua, inaingia Oktoba na kuondoka Mei ikijisikia. Kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, alichomeka vijiti kandokando ya barabara yote hadi kwake ili dereva wa greda la kusukuma theluji aone ukingo uko wapi, alipanda juu ya paa kushusha theluji isije ikavunja kenchi, na greda lilipopita na kumwachia tuta gumu kama jiwe mlangoni mwa uwanja, alilibomoa kabla ya kunywa kahawa. Shemeji yake, babu Reijo, mdogo wa marehemu Veikko, akimwona juu ya paa alimpigia kelele, "Shemeji, shuka, wewe si kunguru!" naye alijibu, "Kunguru anaruka akichoka, mimi paa likivunjika nitakwenda wapi? Shika ngazi, acha maneno." Baba alimbembeleza miaka mingi ahamie mjini Oulu, jibu lilikuwa moja, "Niende nikakae ghorofani nichungulie theluji ya watu wengine?"

Mwaka 2020, wakati wa vuli, halmashauri iliamua kwamba greda litaishia kwenye jukwaa la zamani la maziwa, pale wafugaji walipokuwa wakiweka madebe yao yachukuliwe, kilomita mbili kabla ya kufika kwake, na bibi alikwenda kwenye kikao akiwa na kofia yake ya sufu, akaambiwa, "Mama, kipande kile kina mtumiaji mmoja tu," akasimama akasema, "Na huyo mmoja ndiye mimi," akakaa. Nimeshiriki midahalo mingi, sijasikia hoja fupi kuliko hiyo, wala sijaona iliyoshindwa kwa kura nyingi namna ile. Bibi hakulalamika tena, Oktoba iliyofuata alichomeka vijiti vyake vyote kama kawaida, hata kwenye zile kilomita mbili ambazo greda halingefika, na babu Reijo akawa anamfungulia njia kwa trekta lake.

Januari mwaka huu babu Reijo alifanyiwa upasuaji wa nyonga, trekta likalala, baba akaipigia simu halmashauri, halmashauri ikamwelekeza kwa mkandarasi, mkandarasi akasema hana mkataba wa kipande kile, arudi halmashauri. Basi tukawa tunakuja kutoka Oulu kila mwisho wa wiki, tunachimba Jumamosi na Jumapili mpaka mikono inatoka malengelenge, Jumatatu jioni bibi anatupigia anatuambia kwa upole kwamba njia imefunga tena, na tulikuwa hatuna la kufanya, sote tukiwa na digrii na magari, hatuna la kufanya.

Alhamisi tarehe 9 Februari 2023 bibi alimpigia babu Reijo kumjulia hali ya nyonga, na katikati ya maongezi akataja kwamba kifua kimembana tangu asubuhi na mkono wa kushoto umekufa ganzi. Babu Reijo amenipa ruhusa niyaseme haya. Alimwambia, "Toini, kata hii simu, waite watu wa gari la wagonjwa sasa hivi!" Bibi akasema, "Nitawaita, ngoja kwanza nisafishe uwanja." "Uwanja wa nini, we mwanamke?" "Shemeji, gari litageuzia wapi?" Akakata. Babu Reijo ndiye aliyepiga simu ya dharura, na bibi naye alipiga baadaye, alipomaliza.

Gari la wagonjwa lilikwama kwenye jukwaa la maziwa, wahudumu wawili wakachukua mikoba yao wakatembea zile kilomita mbili thelujini, na wametueleza kwamba wangepotea kama si vijiti. Walikuta uwanja umesafishwa ukingo hadi ukingo, upana wa lori la magogo, beleshi limeegeshwa mahali pake, supu ya njegere iko jikoni na sahani mbili mezani, na bibi ameketi kwenye ngazi za mlango, amefunga vifungo vyote vya koti, ameshafariki. Alibakiza wiki tatu kutimiza miaka sabini na tisa.

Familia inawashukuru wahudumu wale wawili waliokwenda kwa miguu, madaktari na wauguzi, mchungaji, wapishi wenzake wa zamani, majirani, na babu Reijo aliyekuja leo kwa magongo. Tunawashukuru pia wawakilishi wa halmashauri kwa kufika, na kwa barabara ya kuja hapa kanisani, ambayo leo imesafishwa vizuri sana. Baba, nimemaliza. Vijiti vya bibi bado vimesimama, tunaomba mtu yeyote asivichomoe mpaka Mei, na Oktoba hatujui nani atavichomeka.

Bibi, tangu tuingie humu ndani theluji imeanza tena, naiona dirishani. Iache ianguke, hii si yako. Pumzika.