Wino Kwenye Dole la Hamza

Nisogezee mto mgongoni, Mwanaisha, na mlango uache wazi majirani wasikie, maana yaliyofanywa kwa mlango kufungwa ndiyo yaliyotufikisha hapa. Juma, Athumani, kaeni. Shikamoo yako, Juma, kaa nayo. Sina pa kuiweka. Nimewaita wanangu wawili niliowazaa na mjukuu niliyemlea, na Afande Janeth wa upelelezi nimemwita mwenyewe, aketi pale kwenye kigoda aandike, kwa sababu alipokuja mara ya kwanza nilimdanganya, na mimi Mwanaheri binti Shemboza siingii kaburini na uongo mdomoni kama mtu aliyekufa anatafuna.

Sikilizeni basi, wala msinikatize, pumzi niliyobaki nayo ni ya kuazima.

Baba yenu Hamza, mliyekuwa mkimwita tate pale tu mlipotaka kitu, alijua sheria ya dini yake kuliko nyinyi wawili mkijumlishwa. Alijua kwamba kaka yenu mkubwa ametangulia, na binti yake, huyu Mwanaisha, hapati urithi wa babu maadamu nyinyi wana mko hai. Ndiyo maana alimwita Sheikh Sharifu, akasema mbele yetu sote: shamba la bondeni lenye mfereji, ambalo halifiki theluthi ya mali yangu, ni wosia wangu kwa Mwanaisha, na Juma alishike kwa amana mpaka binti amalize chuo. Kwa amana! Fisi kukabidhiwa bucha. Mkaitikia inshallah kwa sauti tamu, nami mjinga nikafurahi kwamba nimezaa watu.

Siku aliyokufa, asubuhi nilimnawisha mikono anywe uji. Vidole vilikuwa safi, nilivipangusa kimoja kimoja. Adhuhuri roho ikatoka. Nikaenda kwa jirani kuazima mikeka, nikawaacha nyinyi wawili na maiti ya baba yenu, na nani angemlinda baba dhidi ya wanawe? Mlijua atakayemwosha ni Sheikh Sharifu, na mtoto wa jicho amemla yule mzee macho yote mawili, angeosha kwa kupapasa. Hamkujua kwamba mvua imekata barabara na Sheikh amekwama ng'ambo. Nikasema huyu ni mume wangu, nitamwosha mwenyewe, na dini inaniruhusu. Uso wako, Athumani, ulibadilika kama ugali uliochacha. Niliuona.

Nikafunua mkono wa kushoto. Dole gumba, zambarau tupu. Wino wa muhuri, ule ule wa ofisi ya ushirika anakofanya kazi Juma. Nikasugua kwa sabuni, nikasugua kwa majani ya mkunazi, kwa sababu maji ya kuoshea maiti lazima yaguse ngozi, na nikijua nafuta nini nikaendelea kusugua. Mama gani huyo?

Baada ya arobaini ikatoka karatasi yenu: eti Hamza ametengua wosia wa Mwanaisha, ametia dole wiki mbili kabla ya kufa. Nauliza, Juma, wewe uliyesoma: wino gani unalala wiki mbili hauonekani, mtu ananawa, anakula, anatawadha mara tano kwa siku, halafu unaamka baada ya roho kutoka? Nyamaza. Sikukuuliza unijibu, nimekuuliza uone haya.

Mwanaisha akaenda Mahakama ya Mwanzo, hakimu akasimamisha mirathi ili polisi wachunguze karatasi. Afande akanifuata, nikamwambia sikuona kitu. Na kwa neno langu hilo jalada likageuka. Jumatatu hii mtoto anaitwa kituoni kama mtuhumiwa, kwamba amewasingizia baba zake wadogo, na nyinyi mkachinja jogoo mkala! Nilisikia mkicheka. Mwana mkaidi huwa bado ni mwana, lakini nyinyi mnanuka, wanangu, mnanuka kuliko kidonda hiki kilichonilaza.

Afande, andika. Kwenye chungu cha mbegu za maharage, chini kabisa, kuna kitambaa nilichomsugulia. Kilipaswa kutupwa, mkono ukakataa. Kichukue. Uongo wangu nao uuandike, usinifichie.

Mwanaisha, shamba ni lako. Usiwalaani, utachafuka. Nanyi msiniombe radhi hapa kitandani. Mfereji wa shamba lake mliouziba, nendeni mkaufungue kwa mikono yenu, na siku maji yatakapofika kwenye kabichi za mtoto huyu, radhi yangu mtaikuta humo majini. Kabla ya hapo, sina.

Lete huo wino, Afande. Nitie dole likiwa bado na joto... hapo. Mmeona? La kushoto. Mmeona nyote.

Maji kidogo... basi, yatosha. Mwanaisha, nikishafumba macho, hawa wawili wasiachwe nami peke yao, hata kwa muda wa kuazima mkeka. Kabla hujanimwagia maji, waite wanawake, nifunue vidole vyote kumi, vihesabu. Mungu akulinde, mama, akupe... akupe mikono safi. Utakuta dole moja lina wino. Yakizidi moja, mwite Afande.

Moja, Mwanaisha. Moja tu.