Ripoti ya Fundi wa Minara

Binti yangu, fundi wa minara ya simu, hakuwa na kiti, mwavuli wala cheo. Ndani ya basi tulilopanda pamoja, muuza mitambo mwenye tai alimchokoza: "Mtandao wenu huo wa wazi, dada, umeungwa kwa vifaa vya kampuni kumi! Mwizi ataingilia popote."

"Wenu wa kampuni moja umefungwa, kaka. Ukioza ndani, nani ataona? Wetu tunaukagua wenyewe. Leo nimekuta kifaa bado kina nywila ya kiwandani, ambayo kila mwizi anaijua."

"Si ndiyo hayo! Ukiripoti, wakubwa wako watausimamisha mradi."

"Wausimamishe. Ripoti nimeshaandika."

"Basi itume kwa simu."

"Kupitia tundu lilelile la mwizi?" Abiria walicheka. Mimi nilikohoa tu, kuficha kichwa kilivyonivimba. Basi liliposimama penye posta, binti yangu alifunga bahasha yenye ripoti, akashuka, akaitumbukiza sandukuni.