Macho ya Bibi: Miaka Thelathini na Minane ya Ebeneza Nyagawa Barabarani

Ndugu Ebeneza Nyagawa, dereva wa mkurugenzi, anastaafu leo tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya mbao miaka thelathini na minane na miezi minne. Aliingia mwisho wa Februari 1987 hapa Makambako akiwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na mbili, koti la kuazima, viatu vyake mwenyewe. Hajawahi kugonga hata kuku.

Mimi ninayeandika ni Silvesta Mlowe, fundi bodi na rangi. Nimestaafu mara mbili na mara mbili nimerudishwa, maana hawakupata mwingine. Shule niliishia darasa la nne. Nelly wa ofisini alitaka aandike yeye, nikakataa. Nelly ana miaka sita hapa, atamjua Ebeneza wapi? Na liko jambo moja ambalo lazima litoke kwenye mkono wangu mwenyewe. Nitalifikia.

Ebeneza ameendesha magari manne ya kifahari, na mimi yote nimeyanyoosha na kuyapaka rangi, kwa hiyo nikisema habari za maumbo ya magari nisikilizwe.

La kwanza tulimwita Bibi. Alikuja mkongwe tayari, rangi ya maziwa. Boneti ndefu, sho ya mbele, ile grili, imesimama wima kama mlango wa kanisa, nikeli kila mahali mpaka unachania nywele kwenye bampa. Na macho! Taa mbili za mviringo, kubwa kama sahani za wali, zimekaa mbalimbali. Ndani dashibodi ya mbao halisi, nami mtu wa mbao nakwambia halisi. Bibi akija unajua anayekuja. Sura yake ilikuwa sura ya mtu.

La pili, mwaka 1996, lilikuwa la pembe nne kama kabati. La tatu, mwaka 2008, walilainisha kila kona kama sabuni iliyotumika, taa zimevutwa pembeni kama jicho linalotaka kulia. Hayo mawili yalikuja yakachoka, yakauzwa. Bibi hakuuzwa. Kwa nini? Kwa sababu ya fundi aliyekuwa naye, na fundi huyo mnamjua. Wakurugenzi walipokwenda na magari yao Dar es Salaam, Ebeneza alimchukua Bibi kila alfajiri kupeleka barua na mikate ya wafanyakazi kwenye shamba letu la misonobari, upande wa Njombe.

Hapa niwaeleze wageni habari ya geti la shamba. Geti ni mti mmoja mrefu wenye jiwe nyuma, na kamba yake inaingia dirishani mwa kibanda. Mlinzi wetu Hulda anakaa ndani na jiko lake la mkaa, kwa sababu baridi ya kule haina huruma. Akiona macho ya mviringo kwenye ukungu anavuta kamba, geti linapanda, Bibi anapita, Hulda anaandika kwenye daftari: saa kumi na mbili na dakika kumi, Bibi kaingia. Miaka kumi na saba hajawahi kutoka nje kuangalia namba wala dereva. Ebeneza alisimama mbele ya kibanda, akapitisha mkate dirishani, akasema "Kamwene", salamu ya kwetu, akaenda. Ndivyo kazi ilivyofanyika na hakuna aliyelalamika.

Februari mwaka huu likaja la nne. Jeusi lote, hata vile vya kung'aa wamevipaka rangi nyeusi. Mdomo wa mbele umekuwa mkubwa mpaka unaweza kuingiza mbuzi, lakini macho hayapo. Pana kimstari chembamba cha mwanga kutoka shavu hadi shavu, basi. Vitasa vya milango vimezama ndani ya bodi, vinatoka vyenyewe ukisogea, kama kobe akitoa kichwa. Ufunguo hauna meno. Vioo vya pembeni hamna, pana vijicho vya kamera na skrini. Halina sauti. Vijana wakaliita Mkimya. Nilipotaka kulipiga msasa kidogo pale bampa lilipochubuka, likawasha mstari wake taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, na hakuna mtu aliyekuwa ndani. Sikuogopa. Nilikwenda kunywa chai tu.

Siku ile ile nilimuuliza Ebeneza analionaje. Akasema: "Kaka Silvesta, magari ya zamani yalitengenezwa yaonekane. Hili limetengenezwa lituone." Akalifuta vumbi, akaondoka nalo. Analiendesha vizuri kama mengine, hilo niliweke wazi.

Mara ya kwanza Mkimya kwenda shambani, Hulda hakuvuta kamba. Mkurugenzi wetu, Mama Oktavia, alikaa kwenye ukungu dakika saba, dereva anapiga honi kwenye geti lake mwenyewe. Hulda alipotoka hatimaye, na blanketi mabegani, akajitetea: "Nisamehe mama. Niliona kimstari, nikajua ni tochi ya mtu anaiba kuni. Hili gari lako halina uso, mama, nitalijuaje?" Ebeneza aligeuza kichwa asionekane akicheka.

Mama Oktavia akasema gari moja linatosha. Tarehe 3 Machi Bibi akaingizwa karakana yangu, nikafunga kufuli. Ufunguo mmoja kwangu, mmoja kwa Ebeneza.

Mwezi Mei, Mama Oktavia akafungua daftari la geti. Tarehe 6, saa kumi na mbili na dakika kumi, Bibi kaingia. Tarehe 15, saa ile ile. Tarehe 21, saa ile ile. Safu ya kuingia ina mwandiko wa Hulda. Safu ya kutoka iko tupu mara zote tatu.

Tukaitwa ofisini. Hulda aliapa kuwa aliona macho kwenye ukungu, akavuta kamba, hakuona dereva, na hajui gari lilitoka saa ngapi. Mama Oktavia akanigeukia mimi. "Mzee Silvesta, karakana yako inafunguka ovyo?"

Ndugu wasomaji, mtu akinigusa kwenye kazi yangu, mdomo unatangulia. Nikasema kufuli langu halijawahi kufunguliwa na asiye na ufunguo, toka nizaliwe. Nikasema funguo ni mbili, na mimi asubuhi nalala. Sikumtaja mtu, lakini chumba kizima kilimwangalia Ebeneza.

Ebeneza alisema neno moja tu, "Sijamgusa." Aliniangalia mimi akilisema, hakumwangalia mkurugenzi.

Mama Oktavia akasema kuchukua gari la kampuni kwa safari za binafsi ni kufukuzwa kazi, hata kama umebakiza mwezi mmoja kustaafu. Barua atapewa Jumatatu. Mnaelewa maana yake. Miaka thelathini na minane safi, halafu jina linatoka getini limechafuka. Mkewe Lidia alikuwa ameshashona vitenge vya sherehe hii.

Jumamosi nikaamua kuthibitisha kwamba kufuli langu ni zima. Huo ndio ulikuwa ukaidi wangu, sikuwa namtetea mtu. Nikamweka Bibi juu ya matofali, nikang'oa magurudumu yote manne, nikang'oa na betri nikaipeleka nyumbani kwangu chini ya kitanda. Nikanunua kufuli jipya na ufunguo wa Ebeneza nikamnyang'anya. Akanipa. Alikuwa anaufunga kwenye uzi na kuuvaa shingoni, na uzi ulikuwa bado na joto lake.

Jumatatu tarehe 26, kabla ya saa kumi na mbili, Mama Oktavia alitukusanya mbele ya mlango wa karakana: Ebeneza, mimi, na Nelly mwenye barua kwenye bahasha. Alitaka kila kitu kifanyike mbele ya macho. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka hatuoni paa. Tumesimama tu, tunapuliza vidole. Ebeneza alikuwa amevaa tai.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na moja simu ya Nelly ikalia. Alikuwa Hulda. Mama Oktavia akasema iwekwe sauti tusikie wote.

"Nelly, waambie Bibi amepita. Sasa hivi. Nimevuta kamba."

Mama Oktavia akachukua simu. "Hulda, ni mimi. Nani anaendesha?"

"Mama, shikamoo. Ukungu, mama. Nimeona macho tu."

"Ebeneza yuko hapa mbele yangu."

Halafu Hulda akaongea chini chini, kama mtu mwenye mtoto aliyelala: "Basi mama, hajapita mbali. Amesimama. Yuko mbele ya dirisha, pale pale pa mkate. Anaunguruma."

"Toka uangalie!"

"Sitoki, mama. Nifukuze kazi, lakini sitoki."

Ikasikika sauti kwenye simu, nami nasema niliisikia, na anayebisha aje tubishane. Ni mngurumo wa mashine ninayoijua, inayoruka kidogo kila baada ya pigo la nne. Kasoro hiyo niliiacha mwenyewe mwaka 2003, kwa sababu Ebeneza aliniomba nisiiondoe. Ebeneza akasogea karibu na simu. Akasema, kwa sauti ya kila siku, "Kamwene, Hulda. Mwambie aende, mikate leo hakuna." Mngurumo ukasogea, ukapungua, ukaisha.

Nikafungua kufuli. Bibi alikuwa juu ya matofali yangu, hana miguu, vumbi la siku mbili kwenye boneti, na kwenye vumbi hapana hata alama ya kidole. Nikaenda mbele. Macho yake mawili yalikuwa yamelowa. Matone ya ukungu yalikuwa yanatelemka kwenye vioo vya taa na kudondoka kwenye bampa, ndani ya karakana iliyofungwa, mahali pakavu. Nikaweka kiganja kwenye taa ya kulia. Ilikuwa na joto, kama kikombe ambacho mtu amemaliza kunywa sasa hivi.

Nelly alirudi ofisini bila kuambiwa. Mama Oktavia alichukua bahasha akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni, akasema, "Hili sitaliandika kwenye kumbukumbu za kikao." Halafu akaenda kukaa ndani ya Mkimya, na Mkimya akawasha mstari wake, na mama akatoka tena akasimama nje na sisi.

Sasa ndilo hilo jambo langu. Mimi Silvesta Mlowe nilikosea. Kufuli lilikuwa zima, hilo nalishikilia hadi leo, lakini nililiheshimu kufuli kuliko mtu. Nilimfahamu Ebeneza miaka thelathini na minane na nikamtupa kwa neno moja ili nisionekane fundi mzembe. Siku ile alinipa mkono kabla sijauomba, akaniambia, "Kaka, wewe mwenyewe ulimng'oa betri. Kwa hiyo shahidi wangu ni wewe." Ndivyo alivyo. Hakunidai hata samahani. Nimeiandika hapa ili isomwe mbele za watu, mbele ya mama Lidia na vitenge vyake.

Kampuni ilimuuliza anataka zawadi gani. Wengine huomba mabati, ng'ombe. Yeye aliomba Bibi. Tarehe 14 Juni tulimpakia kwenye lori, tukiwa tumemrudishia miguu, kwenda nyumbani kwa Ebeneza huko Kifanya. Alituomba tupitie shambani kwanza. Lori lilipofika getini ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, na Hulda akatoka nje ya kibanda. Alipanda kwenye lori, akazifuta zile taa mbili kwa kanga yake, moja baada ya nyingine, kama unavyomfuta mtoto uso. Ebeneza akampa mkate.

Toka siku hiyo daftari la geti halina jina la Bibi. Lidia ameniambia Ebeneza amemjengea banda, na mbele ameliacha wazi, limeelekea barabarani. Nilipomuuliza Ebeneza kwa nini hakutia mlango, alisema, "Utanisumbua kwa kufuli."

Ebeneza, ndugu yangu. Kampuni inakushukuru kwa kila kilomita kati ya Makambako na Njombe, kwa mikate, kwa mikono iliyotulia kwenye ukungu, na kwa kutuendeshea sura nne za magari bila wewe kubadili sura yako. Mungu akupe mahindi, wajukuu, na usingizi wa mpaka jua litoke. Mimi nitakuja kukagua rangi ya Bibi, maana huko hakuna fundi.

Na habari ya mwisho. Wiki iliyopita walikuja watu kuweka geti la umeme, linalomtambua Mkimya lenyewe na kufunguka. Limewekwa, linafanya kazi. Wakataka kuondoa ile kamba, Hulda akakataa, na Mama Oktavia, sisi wote tukishangaa, akasema iachwe. Kwa hiyo, Ebeneza, mkae kwa amani huko Kifanya, wewe na Bibi. Asubuhi akitaka kutoka, usimzuie. Kamba bado iko dirishani.