Sura ya Tisa Tuliivuta

Benchi letu liko nje ya kanisa, kando ya barabara iendayo mjini Goroka, na kahawa tunachemsha wenyewe, ya mashamba yetu. Tuko watatu: Spika, anayeongea hata akitafuna, Dereva, ambaye hajawahi kuwa na gari, na mimi, mzee wa kanisa, mwenye ufunguo wa kabati la vitabu. Niseme ukweli mapema. Mwaka jana mlima uliporomoka ukaziba barabara, magazeti yakakosekana wiki tatu, na kwetu tumbaku husokotwa kwa gazeti. Kabatini kulikuwa na kitabu cha masimulizi ya wazee kwa lugha yetu, nakala pekee iliyobaki, karatasi yake laini kabisa. Tukavuta sura ya tisa yote, ile aliyoisimulia baba yake Mama Onoso, bibi wa hapa kijijini, ya kupika chumvi kwa majivu ya majani. Leo Kenape, binti wa maktaba, kaja na mashine ya kupiga picha kila ukurasa, kitabu kisije kikapotea.

— Tumekwisha, jamani, — nikasema. — Ataona pengo.

— Tulia, mzee, — Spika akajibu. — Tumwambie taa ya mashine inanyonya wino. Akipiga picha, karatasi inabaki nyeupe.

— Huo uongo wa chekechea! — Dereva akamkata. — Sema kina mizimu. Marehemu wakipigwa picha, kahawa ya bonde zima haichanui.

— Kenape kasoma Moresby, mji mkuu, mizimu itamtisha? — nikauliza.

— Basi mende wamekula, — Dereva akasema.

— Mende wamekula ya tisa, ya nane wakairuka?

— Mende wasomi, bwana! Wanachagua!

Tukacheka, mimi kicheko cha woga. Mama Onoso akatokea mlangoni mwa kanisa na fimbo yake, Kenape nyuma yake.

— Kaeni, wanangu. Kurasa zimeshahesabiwa, na najua mlivuta. Harufu ilifika kwangu.

Spika akaacha kutafuna.

— Sikuja kugomba. Baba alikufa sijaanza kutembea. Kusoma sijui, na miaka yote niliona aibu kuomba nisomewe. Lakini nyinyi mlizishika kurasa zake, moja moja. Kenape ana kalamu, ataandika. Niambieni, baba alisemaje?

Nikamtazama Spika, Spika akamtazama Dereva. Nilitamani ardhi inimeze. Tulichana, tukasokota, tukawasha. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja.