Kichipu cha Laurenti na Mkanda wa Ukungu

Ukitaka kujua jambo lolote hapa Kihonda, hata lile lisilokuwepo, nenda kwenye benchi la nje ya kibanda cha fundi Laurenti saa ya kahawa. Asubuhi hiyo vikombe vilishamiminwa, na Laurenti alikuwa ameinamia deki ya zamani ya kuchezea mikanda ya video. Ndani yake mlikuwa na mkanda wa sherehe ya kumuaga dada yake Anastasia alipoolewa, kule Mkuyuni, na hiyo ndiyo video pekee yenye marehemu mama yao. Mkanda umeingia ukungu, kila ukichezwa unapukutika. Studio za mjini ziliukataa, zikahofia mashine zao. Basi Laurenti akanunua kibao kidogo chenye chipu, cha bei ya kutupa, akaapa kuihamishia video kwenye kompyuta yeye mwenyewe. Mpaka jana alikuwa akijaribia mikanda mingine, na kila picha ilitoka imelala upande.

— Nimeshawaambia, tatizo ni mlima, — alisema Salehe, waliyemwita Setilaiti kwa kuwa anaona yote. — Uluguru wote ule uko upande mmoja. Picha itaachaje kuinama?

— Mbona wewe hujainama? — aliuliza Petro. Huyu walimwita Injinia, kwa kuwa aliwahi kulinda geti la kiwanda.

— Mimi nimekunywa kahawa.

— Acha hizo! Chipu imetoka ng'ambo, haijawahi kuona Mluguru. Inashangaa tu, watu wanapita.

Laurenti hakucheka. Usingizi ulikuwa umemkimbia kwa ajili ya kibao hicho, na leo hakuwa tayari kushindwa.

— Sikilizeni. Kwenye waya huu umeme unapanda na kushuka. Ukipanda ni weupe, ukishuka ni weusi. Chipu inaupima harakaharaka, inaandika namba. Mstari mmoja wa picha ukiisha, umeme unazama kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Mimi nilikuwa siisubiri hiyo pumzi, ndiyo maana mistari ilianzia popote.

— Kumbe inapima pumzi! — Setilaiti alidakia. — Basi hiyo ni ya hospitali, bwana. Mfungie mgonjwa, utaona mpaka ndoto zake.

— Hata za mwaka jana, — Injinia aliafiki. — Wakubwa wakijua, kesho wanaibeba.

— Sasa nimeiambia iisubiri. Leo picha inanyooka, — alisema Laurenti, akabonyeza deki.

Mkanda ulikwaruza. Kwenye kompyuta mistari ikajipanga mmoja chini ya mwingine, myeusi na myeupe, imenyooka. Akatokea mama, amejifunga kitenge, maikrofoni mkononi. Injinia alivua kofia. Siku ya sherehe ile Laurenti alinyimwa ruhusa kazini Mikese, hakuhudhuria, na sasa alimtazama mama yake akizungumza na Anastasia, akimshika mashavu, bibi harusi akifuta machozi. Na yeye alilia, wala hakujificha.

Mkanda ulipofika mwisho, Yasmin, jirani aliyefuata pasi yake, alikuwa amesimama nyuma yao.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Mama huyo kaongea mpaka bibi harusi kalia. Alikuwa anasema nini?

Injinia akautazama mlima. Laurenti aligeuza deki. Waya wa picha ulikuwa umechomekwa, wa sauti hata kuutafuta hakuutafuta. Siku zote hizo wao walibishana picha tu, na yeye akabishana nao.

Ndani ya deki mkanda ulikuwa umeacha unga wa kahawia. Aliogopa. Ukichezwa tena ungeweza kukatika, na picha si ameshaipata? Lakini alikuwa mtoto pekee ambaye hakuyasikia maneno yale.

Akachukua pamba na spiriti, akaanza kusafisha kichwa cha deki, kile kinachousoma mkanda.

— Kaa, dada, — alimwambia Yasmin. — Hata mimi sijui alisema nini. Tunarudia. Na safari hii, benchi zima lifunge mdomo.