Dereva wa Tatu Hali kwa Watu

NURIJE: Haloo? Nani huyo? Paza sauti, simu hii ni kiziwi kama mimi.

PETRIT: Mama! Ni mimi, Petrit.

NURIJE: Petrit yupi?

PETRIT: Kwani una Petrit wangapi, mama?

NURIJE: Mmoja, ila namba siyo yake. Namba yake ni ya Ugiriki, ndefu haina mwisho.

PETRIT: Nimeazima simu ya... ya rafiki. Umechoka, mama?

NURIJE: Sijachoka. Wewe umechoka?

PETRIT: Sijachoka.

NURIJE: Mkeo Mirela amechoka?

PETRIT: Hajachoka.

NURIJE: Na mtoto je, amecho—

PETRIT: Hajachoka, mama! Hakuna aliyechoka!

NURIJE: Haya, usinifokee. Ndiyo salamu yetu hiyo. Huko Larisa mnasalimiana kwa kubonyeza vidole kwenye simu, mimi sijui. Mvua inanyesha huko?

PETRIT: Huku? Hapana. Jua. Jua kali.

NURIJE: Huku kwetu Mat inamwagika tangu alfajiri. Mbona nasikia kitu kinagonga bati hapo ulipo?

PETRIT: Mtandao huo. [mkwaruzo] Unasikia? Mtandao.

NURIJE: Mtandao unagonga kama mvua.

PETRIT: Mama, sikiliza. Leo si uende kwa shangazi Zyra? Ukanywe kahawa, ukae naye hadi jioni.

NURIJE: Leo?

PETRIT: Leo. Yuko peke yake, maskini.

NURIJE: Zyra ana wajukuu saba ndani ya vyumba viwili. Hata chooni hayuko peke yake. Tangu lini wewe ukamhurumia Zyra?

PETRIT: Nimemkumbuka tu.

NURIJE: Hm. Basi kumkumbuka kwako kumechelewa. Barabara mpya imeshakula uzio wake na banda lake la kuku. Kuku sasa wanalala kwenye baiskeli ya mumewe.

PETRIT: Nilisikia barabara imefika. Na... na kwetu?

NURIJE: Kwetu wametia rangi nyekundu. Msalaba mkubwa, kwenye ukuta wa chumba cha wageni.

PETRIT: Chumba cha wageni tu?

NURIJE: “Tu”! Jiko wameniachia. Choo wameniachia. Chumba cha baba yako chenye meko, zulia na dirisha la barabarani, hicho ndicho lami inakitaka.

PETRIT: Lakini mbona bado hawajavunja? Wangekuwa wameshapita hapo tangu wiki ile.

NURIJE: Aa, hilo ndilo unalotaka kujua! Basi kaa vizuri nikuhadithie. Alikuja dereva wa kwanza. Ferit, kijana wa Laç, ana masikio makubwa, mpole. Akasimamisha katapila mlangoni. Sasa mimi nifanyeje? Mtu amefika mlangoni kwangu, nimwache na vumbi kooni?

PETRIT: Mama...

NURIJE: Nikampa kahawa. Kahawa haiendi peke yake, nikampa raki kidogo. Pombe kwenye tumbo tupu ni sumu, nikakata byrek iliyotoka tanurini, jibini ndani inachuruzika. Akala palepale, chini ya ukuta wenye rangi nyekundu. Alipomaliza akafuta mdomo. Akauangalia ukuta. Akaiangalia sahani. Akavua kofia.

PETRIT: Akasemaje?

NURIJE: Kwangu hakusema kitu. Alimwendea injinia akamwambia mkono umeharibika. Injinia akapanda katapila, akaujaribu: mbona unafanya kazi? Ferit akamwambia, “Siyo wa katapila. Wangu.”

PETRIT: [anacheka, anajizuia] Mama, ulifanya makusudi.

NURIJE: Kumlisha mtu makusudi ni kosa? Mtu akishakula chumvi yako, nyumba yako haigusi. Hilo sikulitunga mimi, nimelikuta.

PETRIT: Na wa pili?

NURIJE: Ndue, wa Mirdita. Huyo alishaonywa. Injinia alimwambia asishuke, asifungue dirisha, asitazame mikono ya bibi. Akajifungia ndani ya katapila kama pesa benki.

PETRIT: Ukafanyaje?

NURIJE: Sikufanya kitu. Nilisimama uani na sinia.

PETRIT: Kwenye mvua?

NURIJE: Ilikuwa inanyesha, ndiyo.

PETRIT: Bila mwavuli?

NURIJE: Mikono yote miwili ilikuwa imeshika sinia, mwavuli ningeushika kwa meno?

PETRIT: Mama, huko ni kumlazimisha mtu!

NURIJE: Nilimgusa? Nilimwita? Nilisimama kwenye ua wangu, na nguo zangu, na byrek yangu. Mtoto wa watu alivumilia, alivumilia, mwishowe akafungua mlango akisema, “Mama, utaniua wewe.” Alikula mara tatu. Ya jibini aliimaliza yote.

PETRIT: Na... wanaleta mwingine?

NURIJE: Leo hii. Injinia amepiga kifua mbele ya duka zima. Kasema amepata dereva ambaye hata nimchinjie kondoo, hatatikisika. Dereva wa tatu hali chakula kwa watu.

PETRIT: [anakohoa]

NURIJE: Una kikohozi?

PETRIT: Vumbi.

NURIJE: Vumbi la Larisa. Na wewe umekula?

PETRIT: Nimekula. Nilibeba mkate.

NURIJE: Umebeba mkate kwenda kazini. Vizuri. Anayebeba mkate wake hamtegemei mt—

[Kwa mbali, kipaza sauti: “Chuma chakavu! Majiko mabovu! Betri! Tunanunua!”]

NURIJE: Nini hicho?

PETRIT: Redio.

NURIJE: Redio inanunua betri?

PETRIT: Ni tangazo. Waalbania tumejaa huku, mama, hata matangazo ni ya kwetu.

NURIJE: Mashallah. Na sauti ya Tafil nayo imejaa huko?

PETRIT: Tafil yupi?

NURIJE: Tafil wa vyuma chakavu. Spika yake inakoroma ikifika kwenye “majiko”, tangu mbuzi wa jirani Dilaver alipoitafuna waya.

PETRIT: Spika zote zinakoroma, mama. [mkwaruzo] Mtandao unakatika, kwa hiyo utaenda kwa shangazi, sivyo? Hata sasa hivi—

NURIJE: Ngoja kwanza. Kuna gari linapanda.

PETRIT: Mama, salio litaisha.

NURIJE: Ngoja nimesema.

[Kisha upande wa Nurije, karibu kabisa: “Chuma chakavu! Majiko mabovu! Betri!”]

NURIJE: Petrit.

PETRIT: ...Naam.

NURIJE: Tafil amefika dirishani kwangu. Amekupita wewe kwanza. Uko hapo chini, darajani. Na kinachogonga ni mvua juu ya katapila.

PETRIT: Ulijua.

NURIJE: Tangu jana. Ndue alikuja kurudisha sahani yangu. Sahani hairudi tupu. Ilirudi na tini kavu, na habari zako.

PETRIT: Na ukaniacha nikurundikie uongo muda wote huu? Jua kali, Larisa, redio—

NURIJE: Nilitaka kuona utafika wapi. Umejitahidi. Ila kumhurumia Zyra, hapo ulizidisha.

PETRIT: Mama, nisikilize. Injinia aliniita kwa sababu—

NURIJE: Kwa sababu ana akili kuliko nilivyodhani. Mgeni akila, amefungwa. Mtoto wa nyumba akila, amekula tu.

PETRIT: Ndivyo alivyosema.

NURIJE: Najua. Alisema dukani, watu wakacheka. Mimi sikucheka.

PETRIT: Wataniajiri, mama. Ajira ya kudumu. Nikimaliza kipande hiki cha barabara narudi, na Mirela, na mtoto. Asome hapa. Kila Jumapili tuko kwako. Hutaki?

NURIJE: Usiniulize kama nataka. Unajua ninavyotaka.

PETRIT: Na ukuta utaanguka tu, nije nisije. Nikiuvunja mimi nitakwenda taratibu. Vigae nitavitoa kwa mkono. Meko nitakuhamishia nyuma, jiwe kwa jiwe. Mwingine akija na hasira atabomoa hadi jikoni! Ndiyo maana nilitaka uende kwa Zyra. Usione.

NURIJE: Na usionekane.

PETRIT: ...Na nisionekane. Ndiyo.

[Mvua. Mkwaruzo.]

NURIJE: Unajua kwa nini chumba kile kina mawe mazuri kuliko nyumba nzima?

PETRIT: Baba alikianza kwanza.

NURIJE: Alikianza kabla ya jiko. Mwaka mzima nilipika nje, mvua inaingia kwenye sufuria, tumbo langu limejaa wewe. Nilimtukana baba yako, weee! Lakini mgeni alikuwa na pa kukaa. Sasa wanataka kuniachia jiko. Jiko la nini? Nimpikie nani, nimkalishe wapi? Nikae nikitafuna peke yangu kama kuku wa Zyra?

PETRIT: Usilie, mama.

NURIJE: Silii. Nakata vitunguu.

PETRIT: Vya nini?

NURIJE: Tutafika huko. Niambie, mara ya mwisho ulilala humu lini?

PETRIT: Mwaka... wakati wa...

NURIJE: Msiba wa baba yako. Ulilala siku mbili, ya tatu ukakimbilia basi. Tangu hapo unapiga simu sikukuu hadi sikukuu, unauliza kama nimechoka. Mtu wa hivyo kwetu tunamwitaje?

PETRIT: Mama, usiseme.

NURIJE: Anakuja kwa nadra, hajui vikombe viko kabati gani, anaulizwa njia ilikuwaje. Tunamwitaje?

PETRIT: Usiseme!

NURIJE: Tunamwita mgeni, Petrit. Basi meza yako nimeitandika chumba cha wageni. Si jikoni. Mahali pa mbele kabisa, karibu na moto, pale anapokaa mgeni wa heshima.

PETRIT: Mimi si mgeni! Mimi mwanao!

NURIJE: Haya, vizuri. Kama ni mwanangu, nyumba hii ni yako. Panda na katapila mchana kweupe uvunje nyumba yako, Zyra na wajukuu wake wote waone. Na kama ni mgeni, ingia ule. Mimi sikulazimishi, chagua mwenyewe.

PETRIT: Umenifunga kotekote.

NURIJE: Sijafunga mtu. Nimepika.

PETRIT: Nisipovunja nafukuzwa leo. Ujue hivyo. Narudi Larisa kubeba matofali ya watu.

NURIJE: Najua. Ndiyo maana vitunguu vinaniwasha.

PETRIT: Na wataleta wa nne!

NURIJE: Wa nne naye ana tumbo.

PETRIT: Na wa tano? Na askari?

NURIJE: Askari ndio wenye njaa zaidi. Unga upo. Siku nikiishiwa unga, wavunje.

PETRIT: Wewe mwanamke... [anacheka, kicheko kinakatika katikati] Baba alikuwa anakushindaje?

NURIJE: Hakuwahi.

PETRIT: Injinia huyu hapa, ananipungia. Anataka niwashe.

NURIJE: Mpungie na wewe. Ni adabu.

PETRIT: Mama, salio linaisha kweli, simu inalia.

NURIJE: Basi sema upesi. Unapanda na katapila au kwa miguu?

[Mvua. Mtu anapiga kelele kwa mbali. Mlango wa katapila unafunguka.]

PETRIT: Mama.

NURIJE: Nakusikia.

PETRIT: Byrek ni ya jibini?

NURIJE: Ya mchicha. Ya jibini si nimekwambia kaimaliza Ndue. Vua viatu mlangoni, zulia nimelifua. Na usije mikono mitupu, mgeni haji miko—

[Simu inakatika.]