Mama Kulthumu na Jeneza la Lucien

Tarehe 31 Julai 1987, baada ya miaka ishirini ya kazi, Citoyenne Kulthumu Sumaili anaaga chumba cha ordinateur, yaani kompyuta, hapa Lubumbashi. Ndicho chumba pekee cha kampuni chenye hewa baridi, kwa hiyo wakubwa watamkumbuka sana: kila siku ya joto walikuja kumuulizia watoto.

Alianza kwa kutoboa kadi za kulisha mashine. Zamani zile hali ya kila mfanyakazi ilikuwa namba, na kila ofisi ilikuwa na namba zake. Kwa ofisi ya mishahara, tatu ni likizo. Kwa ofisi ya misaada, tatu ni marehemu. Basi Citoyen Kabamba, ambaye mkewe bado anamwita Lucien, jina la kizungu lililokatazwa na serikali, alikuwa likizoni Kambove akinywa bia yake, kampuni ikamletea jeneza. Aliwaambia wabebaji: « Miye niko muzima. Hii sanduku mupelekeye chef, yee njo alikufa kichwa. » Wabebaji walikataa kurudi nalo. Mpaka leo mkewe anatunzia mahindi humo.

Mama Kulthumu, aliyekuwa ameshajifunza Pascal, lugha ya kuandikia programu, alizitupa namba zote. Akatangaza aina moja ya hali, yenye majina manne tu: KAZINI, LIKIZO, MGONJWA, MAREHEMU. Ukiandika jingine, programu inakataa kabla haijaanza. Chef mmoja wa ofisi alidai aongezewe LABDA. Alipewa chai badala yake.

Ila mstaafu hakuwa na jina. Alifutwa tu, na unga wake wa kila mwezi kutoka kampuni ukafutwa naye, na hospitali pia. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Mama mwenyewe, nasi wenzake wa kazi tulimwogopea kweli. Mwezi Mei akaongeza jina la tano, MSTAAFU. Programu ilikwenda vizuri, ilipofika kwenye unga ikagoma: hakuna aliyeiambia kama mstaafu anakula au hapana. Unga haukutoka kwa mtu yeyote. Wake za wafanyakazi wakajaa mlangoni na ndoo tupu.

Mkurugenzi alishuka akitoka jasho, na mara hii hakuulizia watoto. Mama alimweleza kwa adabu zote kwamba swali hilo linahitaji mkubwa. « Andika banakula! » akafoka. « Bote banakula! »

Mama aliandika.

Asante, Mama Kulthumu, kwa ukaidi wako. Tunakuombea uzee mtamu na miguu isiyouma. Jina la kwanza chini ya MSTAAFU ni lako, na unga wako wa Agosti umeshapimwa.